Walinzi wa Kaisari au Kebur Zabanya: uanze na kikosi kipi?

Jioni ya 10 Septemba 1960 giza lilikuwa limeshatanda Roma na barabara zinamulikwa, Abebe Bikila alipomaliza mbio za marathoni miguu mitupu penye Tao la Constantine. Saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Wasimuliaji wa michezo hutaja ile miguu isiyo na viatu, nao wana haki. Mimi nikiitazama picha ile huona mambo mengine mawili. La kwanza, Bikila alikuwa askari wa Kebur Zabanya, kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. La pili, tao lile lilijengwa kumsifu Kaisari Constantine wa Roma kwa ushindi alioupata mwaka 312 penye Daraja la Milvio, na baada ya ushindi huo ndipo alipokifuta kikosi cha walinzi wa makaisari, Wapretoria, waliokuwapo kwa zaidi ya miaka 300. Askari mlinzi wa mfalme wa Afrika alishinda mbio mahali panapokumbusha mwisho wa walinzi wa Roma. Haikutimia miezi minne, kikosi chake nacho kikamgeuka bwana wake.

Nimeanza na Bikila kwa sababu anaviunganisha vikosi viwili ambavyo vijana wa chama cha historia huniuliza kila mwaka. Mada ya walinzi wa kifalme inawavuta: sare, farasi, gwaride, milango ya kasri. Lakini muhula ni mfupi, na anayetaka kufanya kazi ya maana lazima achague kikosi kimoja akizame nacho. Wapretoria au Kebur Zabanya? Walimu wenzangu nao wanauliza vivyo hivyo. Jibu langu limekuwa likibadilika mwaka hadi mwaka, ila sasa nina la kulisimamia.

Kwanza tuelewane kuhusu kikosi cha heshima

Mtu akisikia "walinzi wa heshima" huwaza vifungo vilivyosuguliwa na bendi ya shaba. Ni kweli, hiyo ni kazi yao ya kila siku. Lakini mtu anayesimama mlangoni kwa mfalme akiwa na bunduki au upanga anajua mfalme analala chumba kipi, anatoka saa ngapi, na ni nani aliyeingia kumwona usiku. Gwaride lenyewe ni ujumbe kwa wananchi na kwa maadui: huyu analindwa. Kwa hiyo kikosi cha namna hii hupimwa kwa siku mbili, siku kilipokufa kwa ajili ya bwana wake na siku kilipomgeuka. Vikosi vyetu vyote viwili vina siku zote mbili. Kinachowatofautisha ni mpangilio. Wapretoria waligeuka mapema na mara nyingi, wakaja kufa waaminifu mwishoni. Kebur Zabanya walianza kwa kufa waaminifu, kisha wakageuka mara moja tu.

Asili na mavazi

Wapretoria waliundwa rasmi na Augustus, kaisari wa kwanza, katika miaka iliyofuata 27 KK, wakiwa vikosi tisa. Mwanzoni vitatu tu viliwekwa Roma, na wakilinda ndani ya mji walivaa toga, vazi la raia, ili wananchi wasione wamekaliwa na jeshi. Kuficha huko kulikuwa siasa ya makusudi. Kwenye bendera na ngao zao waliweka nge. Walitumikia miaka 16 wakati askari wa kawaida akitumikia miaka 20 na zaidi, na mshahara wao ulimzidi mbali yule aliyekuwa mpakani kwenye baridi. Mwaka 23 BK mkuu wao, Sejanus, akawakusanya wote katika kambi moja ukingoni mwa mji. Siku kambi ile ilipokamilika ndipo siasa ya Roma ilipobadilika, kwa sababu maelfu ya askari sasa waliweza kukubaliana jambo ndani ya usiku mmoja.

Kebur Zabanya ilianza mwaka 1917, enzi ya Malkia Zewditu, chini ya Ras (cheo cha mkuu) Tafari, ambaye mwaka 1930 alitawazwa kuwa Haile Selassie. Jina lenyewe maana yake ni walinzi wa heshima. (Leo mtaani Addis Ababa neno zabanya ni mlinzi wa getini, kama tunavyosema "askari" kwetu, mwanafunzi akilijua hilo hatalisahau jina la kikosi.) Kabla yake, nguvu ya mfalme wa Ethiopia ilitegemea majeshi ya wakuu wa majimbo, kila mmoja na watu wake. Tafari alitaka askari wanaolipwa naye, wanaofunzwa kisasa, wasiodaiwa utii na mtu mwingine. Wakaletwa wakufunzi kutoka Ubelgiji. Kwenye sherehe, kundi la wapanda farasi lilivaa kofia ngumu zilizopambwa kwa manyoya ya shingo ya simba, na simba ndiye alama ya ufalme wenyewe, Simba wa Yuda.

Tazama tofauti: Roma ilianza kwa kuwaficha walinzi ndani ya toga, Ethiopia ikaanza kwa kuwaonyesha. Augustus aliogopa kuitwa mfalme. Tafari alihitaji wakuu wa majimbo waone kwa macho yao kwamba mfalme sasa ana jeshi lake.

Siku za mtihani

Hapa ndipo ninapowataka vijana wakae muda mrefu, maana hapa ndipo vikosi hivi vinapoachana.

Kwa Wapretoria matukio ni mengi hadi yanachosha. Januari 41, ofisa wao Cassius Chaerea aliongoza mauaji ya Kaisari Caligula. Katika vurugu askari mmoja akamkuta Claudius, ami wa marehemu, amejificha nyuma ya pazia, wakambeba hadi kambini na kumtangaza kaisari. Claudius akaahidi kila askari sesterti (sarafu za Kirumi) 15,000, kisha akatoa sarafu yenye picha ya kambi yao. Takrima ikawa desturi. Mwaka 68 waliahidiwa 30,000 ili wamwache Kaisari Nero na kumkubali Galba. Galba akakataa kulipa, akisema yeye huteua askari, hawanunui. Januari 69 akauawa hadharani.

Kisha mwaka 193. Kaisari Pertinax alitawala siku 87 tu, akijaribu kurudisha nidhamu, Wapretoria wakamuua tarehe 28 Machi na kwenda kujifungia kambini. Wakapandisha cheo cha ukaisari mnadani. Wanunuzi walikuwa maseneta wawili: Sulpicianus ndani ya kambi, Didius Julianus nje ya ukuta, na wajumbe wakipita kati yao kupeleka bei. Sulpicianus akafika 20,000 kwa kila askari. Julianus akaruka hadi 25,000 kwa mkupuo, akiwaonyesha kwa vidole, na mlango ukafunguliwa. Akatawala siku 66. Jenerali Septimius Severus alipofika kutoka mpakani na jeshi lake, aliwaita Wapretoria nje ya mji waje na mavazi ya sherehe, bila silaha. Wakaja wamependeza. Wakazingirwa, wakavuliwa mikanda na majambia, wakafukuzwa wasikaribie Roma tena, na nafasi zao wakapewa askari wa Severus. Sijui tukio lingine la kale linaloonyesha kwa uwazi hivyo kwamba sare ya gwaride bila silaha ni nguo tu.

Na bado, mwaka 312, Wapretoria wa kizazi kingine walisimama na Maxentius, mpinzani wa Constantine, kando ya mto Tiber wakati wengine wanakimbia, wakauawa walipokuwa wamesimama. Constantine akawafuta kabisa na kubomoa ukuta wa kambi yao uliotazama mji.

Sasa Kebur Zabanya. Tarehe 31 Machi 1936, huko Maychew, Haile Selassie aliongoza mwenyewe shambulio dhidi ya jeshi la Italia. Kikosi cha walinzi, chenye mafunzo kuliko wengine wote aliokuwa nao, kilitupwa vitani na kupigana kwa saa nyingi dhidi ya mizinga na ndege. Hakikuweza kuvunja ngome za Waitalia. Waliporudi nyuma kuelekea Ziwa Ashenge walinyeshewa mabomu na gesi ya sumu. Mfalme akaondoka Addis Ababa tarehe 2 Mei kwa treni ya Djibouti, na Waitalia wakaingia tarehe 5. Alirudi mjini tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili baadaye. Wasomaji wengi wa Kiswahili wana babu aliyekuwa katika vita hivyo vya kuwatoa Waitalia, kwa sababu askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasa (leo Malawi) walipigana humo, na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi.

Kikosi kikaundwa upya. Mei 1951 batalioni ya Kagnew, iliyochaguliwa ndani ya Kebur Zabanya, ilitua Korea chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, ikafuatwa na nyingine. Zaidi ya Waethiopia 120 walifia huko. Mji wa Chuncheon, Korea Kusini, una mnara na jumba la kumbukumbu yao hadi leo. Askari waliozoea kusindikiza gari la mfalme walirudi wameona vita vya kisasa na nchi nyingine, na naamini huwezi kuielewa Desemba 1960 bila kupitia Korea kwanza.

Desemba hiyo Haile Selassie alikuwa ziarani Brazil. Usiku wa tarehe 13, kamanda wa kikosi, Brigedia Jenerali Mengistu Neway, pamoja na mdogo wake Germame aliyesoma Marekani na kuwa mtawala wa wilaya, waliwakusanya wakubwa wa nchi kwa hila na kuwashikilia katika kasri la Genete Leul. Kesho yake mrithi wa kiti, Asfaw Wossen, alisoma tangazo redioni. Soma tangazo hilo kwa makini. Linasema mataifa mapya ya Afrika yaliyopata uhuru juzi yanasonga mbele, na Ethiopia, iliyokuwa huru muda wote, inaachwa nyuma. Hapana mnada humo, hapana bei kwa kichwa. Wanafunzi wa chuo wakaandamana kuunga mkono.

Lakini jeshi la nchi kavu na la anga havikujiunga. Patriaki Basilios, mkuu wa Kanisa la Ethiopia, akawalaani waasi, na karatasi za laana zikadondoshwa mjini kwa ndege. Askari wengi wa chini wa kikosi hawakuwa wameelezwa wanapigania nini. Mapigano yakalipuka ndani ya mji. Tarehe 16, kabla ya kukimbia, waasi waliwamiminia risasi mateka katika Ukumbi wa Kijani wa kasri hilo. Waliokufa humo ni pamoja na Ras Abebe Aregai, shujaa wa upinzani dhidi ya Waitalia, na Jenerali Mulugeta Bulli, aliyewahi kuwa kamanda wa Kebur Zabanya yenyewe. Mfalme akarejea tarehe 17. Germame alifia porini siku chache baadaye, na Mengistu akanyongwa hadharani 30 Machi 1961.

Wanafunzi hukimbilia methali ya kikulacho ki nguoni mwako wakadhani wamemaliza. Inawafaa Wapretoria wa mwaka 193. Kwa watu wa 1960 haitoshi, kwa kuwa waliua wasio na silaha na wakati huohuo walisema jambo ambalo vijana wa Ethiopia waliendelea kulisema kwa miaka 14 iliyofuata, hadi mfalme alipotolewa katika kasri tarehe 12 Septemba 1974 akapakiwa kwenye Volkswagen ndogo, asitokee mlinzi wa kumpigania. Mwanafunzi anayeandika kuhusu Kebur Zabanya lazima ashike mambo hayo mawili kwa pamoja bila kuliachia mojawapo. Ni kazi ngumu, na ndiyo sababu naipenda.

Ushahidi uko wapi

Wapretoria wanashinda kwa wingi wa maandishi. Maandiko ya kale ya Kilatini na Kigiriki yametafsiriwa zamani, na mengi yanapatikana bure kwenye intaneti kwa Kiingereza na Kifaransa. Kuhusu mwaka 193 tunaye hata seneta aliyekuwa Roma siku zile na kuandika alichokiona na jinsi alivyoogopa. Kasoro ni kwamba waandishi wakubwa wengi walikuwa wa tabaka la maseneta, na maseneta waliwachukia Wapretoria. Sauti ya askari mwenyewe utaipata kwenye mawe ya makaburi tu: jina, kikosi, miaka ya utumishi.

Kwa Kebur Zabanya mambo ni kinyume. Maandishi kwa Kiswahili ni haba, na mengi yako katika Kiamhari. Lakini kuna picha, filamu za habari, magazeti ya siku zile, na familia zinazokumbuka. Mwonye mwanafunzi kuhusu mitego mitatu. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya yetu kwa miaka saba hadi minane, kwa hiyo jaribio la 1960 wao huliita la Tahsas 1953. Mengistu Neway si Mengistu Haile Mariam, aliyetawala baada ya 1974. Nimesahihisha kosa hilo mara nyingi mno. Mtego wa tatu kwetu ni neema. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, saa moja ya asubuhi jua likiwa limeshachomoza. Shahidi akisema saa tatu usiku, msomaji wa Kiswahili anaelewa papo hapo, wakati mtafsiri wa Kizungu hulazimika kugeuza na mara nyingine hukosea.

Kwa anayeweza kusafiri, Roma ina kuta za kambi ya Wapretoria zikiwa bado zimesimama, kwa kuwa Kaisari Aurelian aliziunganisha na ukuta wa mji karne ya tatu. Shuka kituo cha treni za chini ya ardhi kiitwacho Castro Pretorio, si mbali na stesheni kuu ya Termini. Watalii wengi hupita bila kujua. Addis Ababa iko karibu nasi zaidi, na inatoa kitu kizito zaidi: Genete Leul, kasri lenyewe, mfalme alilitoa liwe chuo kikuu baada ya damu ile kumwagika. Leo ni kampasi ya Sidist Kilo, na ndani yake kuna jumba la makumbusho la Taasisi ya Masomo ya Ethiopia, ambamo chumba cha kulala cha mfalme kimehifadhiwa. Vijana wanapita na madaftari mahali wakubwa wa nchi waliposhikwa mateka.

Na vile vikosi vingine?

Wapo wanaopenda sare kuliko siasa. Hao nawaelekeza kwa Walinzi wa Kifalme wa Napoleon, 1804 hadi Waterloo mwaka 1815. Makumbusho ya jeshi ya Invalides, Paris, yana sare zao nyingi, na mchoraji kijana hatakosa kazi. Anayetaka kuona kikosi hai akiangalie kikosi cha Dragões da Independência huko Brasília, chenye asili ya 1808, kinachopanda farasi kwa sare za enzi ya wafalme wa Brazil ingawa nchi ni jamhuri tangu 1889. Vyote ni vya kupendeza. Kwa mjadala wa darasani, hata hivyo, havinipi nilichokipata kwa vile viwili vya kwanza.

Uchague nini, basi

Ukiwa na wiki mbili, darasa kubwa, na vijana wanaoanza kujifunza kupima ushahidi, chukua Wapretoria, na uwe mkali: usifundishe miaka 300 yote. Chukua siku ile moja ya 28 Machi 193, wagawe vijana wawe askari, maseneta, na wanunuzi wawili wa cheo, kisha wamalizie na Severus na wale waliokuja wamependeza. Kila kitu unachohitaji kimo humo, na hakuna familia itakayoumia.

Ukiwa na muhula mzima na kundi dogo lenye bidii, chukua Kebur Zabanya. Ndiyo chaguo langu. Nalisema nikijua gharama yake: utatafuta vyanzo kwa tabu, utahitaji rafiki anayejua Kiamhari, na utakuta Mwethiopia mmoja anamwita Mengistu Neway shujaa na mwingine anamwita muuaji wa baba yake. Waambie vijana mapema kwamba watu hawa wana watoto na wajukuu walio hai, na kwamba swali huulizwa kwa heshima, baada ya salamu, na halilazimishwi.

Kama huwezi kuamua, kuna njia ya katikati niliyoijaribu. Anza na Bikila. Mpe kila kijana ramani ya mbio za Roma, aonyeshe mahali alipowaacha wenzake, karibu na ile nguzo ya Axum ambayo Waitalia waliipora na kuisimamisha Roma mwaka 1937, isirudi nyumbani hadi 2005. Halafu amfuatishe hadi kwenye tao. Baada ya hapo mwulize kila mmoja anataka kujua nini zaidi: kikosi kilichokwishia hapo, au kikosi alichotoka mkimbiaji. Watakaouliza habari za tao, wape Wapretoria. Watakaouliza Bikila alikuwa wapi Desemba ile, wafungulie faili la Sidist Kilo.